Kwa Selemani, Anayempeleka Mke Wake Kampala

Selemani mwanangu,

Wewe na Georgette mmekwenda kuwaaga wazazi wake kule kwenye maporomoko ya mto, nami nimefunga cherehani mapema. Mteja mmoja amekuja kuulizia kanzu yake, nikamwambia arudi wiki ijayo. Amenitazama usoni, akaondoka bila kubishana. Nadhani mtaa mzima wa Kabondo unajua kwamba kesho mnapanda ndege.

Utajiuliza kwa nini papa anakuandikia wakati tunalala nyumba moja. Ni kwa sababu mimi na wewe tukikaa pamoja tunaongea juu ya baiskeli. Tangu mama yako atutoke, kila nilipotaka kukuambia neno la maana nimejikuta nakuuliza kama mipira ya magurudumu imefika dukani kwako, na wewe unanijibu kwamba imefika au bado haijafika. Hatujagombana hata siku moja, lakini hatujaongea pia.

Habari za pasipoti, za sweta, za vidonge vya kumeza kabla ya chakula, za kutotoa simu yako barabarani, shangazi yako Mwajuma amekwisha kukuambia zote. Jana alizirudia mlangoni, na kesho atazirudia uwanja wa ndege. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka kukuambia kitu ambacho yeye hakijui kwa sababu hakuwepo. Nataka kukuambia ilivyokuwa kuwa mume wa mwanamke anayetibiwa kansa kwenye mji wa watu.

Wewe wakati ule ulikuwa bado unavaa shati jeupe na suruali ya bluu ya shule. Unakumbuka tulivyoondoka: ulisimama kando ya njia umeshika baiskeli, ukatupungia mkono mara moja tu, kisha ukajifanya unaangalia mnyororo. Uliyoyajua baadaye uliyajua kwa simu, na kwenye simu nilikuwa nasema uongo. Basi nikuanzie mwanzo.

Mama yako aliniambia habari ya uvimbe wake mchana, humu humu, akiwa anapiga pasi suruali za mteja na mimi natia uzi kwenye sindano.

"Papa Sele," akasema, "kuna kitu huku chini ya ziwa. Kiko kigumu."

Nikamjibu bila kuinua macho: "Haiko kitu. Itapita."

Akaendelea kupiga pasi. Hakuligusa tena neno hilo mpaka mvua za mwaka ule zilipoisha, na alipoligusa tena uvimbe ulikuwa umekwisha kuvuta ngozi. Siwezi kukuambia kwamba sikujali. Nilishtuka mpaka sindano ikanichoma, na lile jibu lilitoka lenyewe, kama mtu anavyoinua mkono kitu kikimrukia usoni. Ila yeye hakuona mshtuko wangu. Alisikia jibu tu.

Walimpasua hapa Kisangani. Daktari alikuwa mtu mpole. Alinieleza kwamba upasuaji peke yake hautoshi, kwamba inatakiwa chimio, yaani zile dawa za kupitishwa kwenye mshipa, na baada yake mionzi, na kwamba mashine ya mionzi hapa haiko. Ndugu walitusaidia, tukapanda ndege mpaka Bunia, na kutoka Bunia magari mpaka Kampala. Njiani mama yako aliegemea bega langu na kuniuliza majina ya miji. Nilikuwa siyajui. Nilimtungia mengine, na nadhani alijua.

Kampala tulipata chumba nyuma ya nyumba ya watu, kwenye kilima, karibu na hospitali. Mimi nilidhani Kiswahili changu kitanisaidia. Kule Kiswahili wengi wanakisikia kidogo tu, na hiki chetu cha Kisangani, nusu Kifaransa na nusu Lingala, hata aliyejua Kiswahili alinitazama kama mtu anayesemea usingizini. Sokoni nilikuwa naonyesha kwa kidole. Nilijifunza neno moja, webale, ndiyo asante yao, na kuna siku nilikuwa nalala bila kutamka neno lingine kwa mtu yeyote nje ya chumba. Mimi niliyezoea kushona nikizungukwa na maneno ya wateja mchana kutwa! Nilianza kuwaza kwa sauti. Mwenye nyumba akamkataza binti yake mdogo kunisogelea.

Kwenye wodi ya wanawake mwanamume aliruhusiwa saa za kutembelea tu. Wagonjwa wengine walikuwa na dada zao, mama zao, binti zao. Mama yako alikuwa na mimi, na mimi nilikuwa nje kwenye benchi nimepakata chupa ya chai na bakuli. Manesi wakipita walinisalimu vizuri, kisha wakauliza, kwa mikono, dada yake yuko wapi. Nikawa najionyesha kifuani: ni mimi.

Sasa nikuambie jambo la harufu, maana hili litakupata wewe pia na sitaki likuvunje moyo kama lilivyonivunja mimi. Baada ya dawa ya pili, mama yako alianza kuchukia harufu. Kwanza samaki, kisha mafuta ya kukaangia, kisha sabuni. Halafu siku moja nimeketi karibu naye kitandani, akaweka kiganja puani na kusema, "Papa Sele, ondoka. Uko nanuka."

Nikaenda kuoga. Nikarudi.

"Bado."

Nikaoga tena, bila sabuni, nikavaa shati lililokaushwa na jua. Akageukia ukutani. Akaniambia kwa upole, kama anayeomba radhi, nilale mlangoni. Nikatandika mkeka wangu pale kizingitini, miguu nje na kichwa ndani, na nikalala hivyo kwa majuma. Mwanangu, mimi na mama yako hatukuwahi kulala mbalimbali tangu nilipomuoa, isipokuwa alipokwenda kukuzaa wewe. Nilidhani amenichoka. Nilidhani ugonjwa umemfumbua macho akaona kwamba aliolewa na mtu anayenuka mafuta ya cherehani. Hakuna aliyeniambia kwamba ni dawa inayofanya vile, kwamba inaweza kumfanya mtu achukie harufu ya mtoto aliyemzaa mwenyewe. Nilikuja kujua baadaye sana.

Georgette akikuambia ondoka, ondoka. Ila usiende mbali. Kaa mahali ambapo akiita kwa sauti ndogo utasikia.

Na kuna siku nilikwenda mbali. Nilitelemka kilima mpaka kituo cha magari, nikasimama nikitazama watu wanapakia mizigo kwenye gari la kuelekea mpakani kwetu. Dereva aliongea Lingala. Nilisimama pale kwa muda mrefu, nikisikiliza tu mtu anayemtukana mwenzake kwa lugha ninayoijua. Kisha nikanunua karanga nikapanda kilima kurudi. Sikumwambia mtu. Mguu wako ukikupeleka kituoni siku moja, usijione wewe ni mtu mbaya kuliko wote. Nunua karanga, urudi.

Simu za nyumbani nilikuwa napokea mimi. Shangazi yako, watu wa msikitini, majirani, wewe. Wote mliuliza, "Anaendeleaje?" na wote niliwajibu, "Anaendelea vizuri, Alhamdulillahi, mwezi ujao tunarudi." Mama yako alikuwa amelala pale pale anasikia. Nilidhani namtia nguvu. Nikikata simu namwambia na yeye, "Utapona, Mama Sele." Akisema mgongo unaniuma, namwambia utapona. Akisema nimeota ndoto mbaya, namwambia utapona. Polepole akaacha kusema. Nikashukuru. Nilidhani maumivu yamepungua.

Siku moja alikuwa kwenye chumba kile cha kuwekewa dawa. Vitanda vinatengwa kwa mapazia, na kwenye kitanda cha pili, upande wa dirisha, alilazwa mama mmoja mzee aliyetoka kaskazini ya nchi ile. Mama huyo hakujua Kiswahili hata kidogo. Hata Kiganda nadhani hakukijua vizuri, maana manesi walikuwa wanatafuta mtu wa kumtafsiria. Nilikuwa nimepika uji wa mchele, nikaomba nesi aniruhusu niupeleke. Nilipofika kwenye pazia nikasikia sauti ya mama yako. Alikuwa anaongea. Mama yako, aliyekuwa hasemi na mimi isipokuwa maji na blanketi, alikuwa anaongea kama yuko kwenye ua wa nyumba yake.

"Mi minaogopa, mama," alikuwa anasema. "Minaogopa usiku, minaogopa na asubuhi. Bwana yangu anasema kila siku utapona, utapona. Sasa mi nitamuambia nani kama minachoka? Nikimuambia, atalia, halafu mi ndio nitamubembeleza, na nguvu sina. Nina mutoto kule Kisangani. Sauti yake iko nabadilika sasa, iko nakuwa ya mwanaume, na mi siko pale kusikia. Nikirudi nitakuta mutu mwingine."

Yule mzee akaitika, "Mm." Akasema maneno kwa lugha yake, marefu. Mama yako akaitika, "Ndiyo, ndiyo, mama," kama vile ameelewa. Wakaendelea hivyo.

Nilisimama na chupa ya uji nyuma ya pazia. Kitu cha kwanza kilichonipata, nikuambie kweli, ni wivu. Nilimwonea wivu yule mzee kama ambavyo sijawahi kumwonea mwanamume yeyote. Mimi niliacha mji wangu, nilijifunza kupika, nilifua nguo zake mbele ya wanawake waliokuwa wananicheka bombani, nililala kizingitini, na maneno yake alikuwa amemwekea mtu asiyeyaelewa. Kisha wivu ukaondoka, nikaona kwamba alimchagua kwa sababu hiyo hiyo. Yule hakuweza kumjibu.

Nikampa nesi uji, nikaenda kukaa karibu na bomba mpaka aliporuhusiwa kutoka.

Jioni, jua halijazama, nilimtandikia mkeka uani. Nilikuwa nimebandika maharagwe kwenye mkaa. Nikaketi mbali kidogo, upande ambao upepo hautamletea harufu yangu, nikamwambia, "Niambie na mimi yale uliyomwambia yule mama."

Akatazama maharagwe.

"Utanijibu," akasema.

"Sitakujibu."

"Utasema nitapona."

"Sitasema."

"Utalia?"

"Sijui."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Bunia. "Bon," akasema, "lia basi kama unataka, lakini usiniambie tena nitapona. Neno hilo limenifanya nibaki peke yangu."

Akasema yote. Mengine ni yake na yangu, siwezi kuyaandika. Alisema anaogopa mashine ya mionzi kwa sababu wanafunga mlango na kumwacha ndani peke yake. Alisema anaona haya na kovu lake. Alisema nikiongea kwenye simu anajiona kama amekwisha kufa na mimi nawaficha watu. Alisema anachukia tabasamu langu nikiingia wodini, kwamba linafanana na lile la wateja wakati nguo yao haijaisha. Hapo nilitaka kujitetea. Nikauma midomo. Maharagwe yaliungua, tukasikia harufu yake sote wawili, na hakuna aliyeinuka.

Alipomaliza alikuwa hajapona chochote. Uso wake ulikuwa ule ule, umekonda vile vile. Lakini aliniambia nisogeze mkeka wangu ndani kidogo, mpaka katikati ya chumba.

Kesho yake aliniomba nikupigie wewe simu. "Usiseme mi ninataka kusikia sauti yake," akanionya, "atajikaza. Muambie aseme kitu chochote." Unaikumbuka simu ile? Nilikuambia, ongea na mama yako, ongea tu usiache, na wewe hukujua la kusema, ukachukua daftari ukatusomea somo zima la jiografia. Mto Kongo na vijito vyake. Ubundu, Isangi, Bumba. Ulidhani tunakupima kama unasoma. Mama yako aliweka simu sikioni akafumba macho, na ulipofika kwenye maneno mazito sauti yako ikawa inapanda na kushuka, inakatika na kuunganika, na yeye anacheka machozi yanatiririka mpaka shingoni. Ulipomaliza akakuambia, "Soma na lingine."

Sikukuambia miaka yote hii. Nilidhani ni siri yake. Sasa naona ilikuwa zawadi yako, na uliitoa bila kujua.

Wiki hizo za mwisho Kampala zilikuwa ngumu kwa mwili wake, ila hatukuwa tena watu wawili wanaofichana. Tonton wako Idi, ndugu yangu, alipiga simu kutoka Ubundu. Alikuwa na nia njema, sitamsema vibaya. Akaniambia kama kaka: mke anaumwa, wewe ungali na nguvu, dini inakuruhusu, kuna mjane mmoja hapa Ubundu, mtu wa adabu, anaweza kukusaidia na kazi za nyumba mkirudi. Simu yangu ilikuwa mbovu, sauti inatoka nje yote. Kabla sijajibu, mama yako akanyoosha mkono akaichukua.

"Shemeji Idi," akasema, "habari ya Ubundu? Samaki iko? Bon. Huyo mujane umusalimie sana. Umuambie mi ningali hapa."

Akanirudishia simu. Sikuweza kuongea na Idi kwa kucheka. Lakini baadaye aliniuliza, "Na kama sitakuwa hapa?" Nami nikafungua mdomo kusema usiseme hivyo, nikaufunga. Nikamwambia, "Sijui, Mama Sele. Hiyo inaniogopesha mimi pia." Akanishika mkono. Harufu yangu aliivumilia siku ile.

Tukarudi. Yaliyofuata unayajua. Alikaanga tena mikate yake ya kuuza barabarani, alifunga kitambaa mpaka nywele ziliporudi, na ulipopata diploma yako ya shule alikumwagia poda ya kukupongeza kichwani mpaka macho yakakuwasha ukamkimbia mtaani. Ile miaka ilikuwa mizuri, na sisemi hivyo kwa kujifariji. Kisha ugonjwa ukarudi, mara hii kwenye mifupa, na yeye mwenyewe akasema Kampala haendi tena. Sikumjibu haraka. Nilimuuliza kwa nini, akanieleza, nikakubali.

Uliwahi kuniuliza siku ya mazishi alisema nini mwisho, kwa sababu alipokata roho ulikuwa dukani. Sikukujibu kwa kuwa nilidhani unangoja neno kubwa. Aliniomba nigeuze mto upande usio na joto. Nikaugeuza. Akasema, "Hapo." Ndilo hilo.

Mpaka leo sikaangi samaki ndani ya nyumba. Nafanya uani, hata mvua ikinyesha. Hakuna anayeudhika tena na harufu, najua. Mikono imezoea.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nifunge cherehani.

Jana mchana Georgette alikuja na gauni lake la bluu nilipunguze kiunoni, maana limekuwa kubwa. Nilikuwa nampima, akaniuliza, "Papa, mama aliogopa?"

Nikamwambia, "Sana."

Akashusha pumzi. "Asante, papa. Batu wote wananiambia kama alikuwa nguvu tu, hakuliaka."

"Alilia. Na alicheka pia."

Nikamaliza kuweka pini. Kisha akasema, "Selemani anasemaka tunaenda kwa vipimo tu."

Nilijua ndivyo ulivyomwambia, na wewe ndiye uliyeniomba nisimwambie vingine.

"Mi nilisikia docteur anaongea naye mu couloir, pale nje ya mlango," akasema. "Mi nasikia Kifaransa, papa. Alisema lymphome. Alisema ni kansa ya hizi tezi za shingo, na chimio ya miezi. Halafu Selemani akaingia, akasema ni vipimo. Nikasema bon, tuende."

"Kwa nini hukumwambia kwamba umesikia?"

"Alikuwa ameinama ananifunga kamba za viatu. Anafunga, anafungua, anafunga tena. Nikaona, nikimuambia sasa, ataanguka."

Akasema mengine. Akasema kila mkikaa pamoja wewe unaficha kwamba unajua, na yeye anaficha kwamba anajua, na mnachoka wote wawili. Akasema anangoja ulale ndipo alie, na anadhani wewe pia unangoja alale. Nikamuuliza kama nikuambie. Akafikiri. Akasema, "Umuambie, papa. Mi siwezi."

Basi nimekuambia, mwanangu. Georgette anajua. Amejua tangu siku ile.

Barua hii nitakupa leo mkirudi, na nakuomba uisome leo, kabla hamjafunga masanduku. Usiisome ndani ya ndege. Sijui utamwambia nini. Sitakupa maneno, maana yangu yalikuwa mabaya na yalinichukua muda mrefu kuyaacha. Pengine hutahitaji kusema lolote. Pengine utaketi tu, umwache aanze. Akisema kitu kizito, utahisi jibu linapanda kooni lenyewe. Lingoje kidogo. Mara nyingi halihitajiki.

Na jambo lingine. Georgette si mama yako. Ugonjwa wake si ule, na daktari amekuambia mwenyewe kwamba wa kwake unatibika zaidi ya mengi. Nimekuona wiki hizi ukimtazama anavyokula na anavyopanda ngazi, na najua unamtafuta nani. Usimtafute mama yako ndani yake. Mama yako alipita njia yake. Huyu ana yake, na atapenda uitazame ya kwake. Mimi sitakuahidi mwisho wake utakuwaje. Neno lile nililiacha kule uani, kando ya maharagwe.

Kuhusu mimi, shangazi yako anataka nihamie kwake mpaka mrudi. Nimekataa. Nyumba itakuwa kimya sana, najua, na nitaisikia. Asubuhi nitachemsha chai ya mtu mmoja. Nitawasikia watoto wa jirani wakienda shule na kudhani ni mlango wetu unafunguliwa. Nimewahi kukaa kwenye ukimya mkubwa zaidi ya huo, na ndani yake kulikuwa na watu wawili. Huu wa sasa nitauweza.

Kule Kampala, kwa muda wote ule, nilipokea simu nyingi kuliko nilivyowahi kupokea maishani, na watu wema waliuliza wote swali moja. Hakuna aliyeniuliza mimi nimelala wapi. Siwalaumu, hata mimi ningewauliza vivyo hivyo. Lakini nikikupigia simu, Selemani, nitaanza na wewe. Nitakuuliza umekula nini, umelala, na umeongea na nani leo. Usinijibu kwa haraka kwamba uko vizuri. Habari za Georgette tutaziongea baadaye, na kama ana nguvu atanipa mwenyewe.

Mvua imeanza ghafla. Nimeinuka kufunga dirisha na nimewaona mnakuja, mko pale kwa fundi wa viatu. Georgette amekumbatia kikapu, bila shaka ni samaki wa moshi kutoka kwa baba yake. Mwavuli wetu ule mdogo umemfunika yeye mzima, na wewe unatembea nje yake, shati limekushika mgongoni, maji yanakutoka usoni, na hata hujui.

Ingia kwanza, uvue shati hilo. Nimekuwekea lingine kavu juu ya kiti.

Papa yako